Zaka ni haki ya mtu: tuliyojifunza katika kuihesabu na kuifikisha

Watu wengi hutoa zaka kwa nia njema na bado haimfikii mwenyewe, au inamfikia ikiwa imepunguzwa bila yeyote kukusudia. Sisi tunaoshughulika na kuikusanya na kuigawa tumeliona hilo mara nyingi, na chanzo chake karibu siku zote ni kimoja: mtoaji ameichukua zaka kuwa ni hisani yake. Qurani haikuiweka hivyo. Sura ya Al-Maarij, aya ya 24 na 25, inawataja watu ambao katika mali zao imo haki maalumu ya anayeomba na ya aliyenyimwa. Mtu akishaamini kwamba sehemu ile ya mali si yake tena, mambo mengi hukaa sawa yenyewe. Anaihesabu kama anavyohesabu deni, anatazama tarehe, anamtafuta mwenye haki yake badala ya kungoja abishiwe hodi, na hamsimangi baada ya kumpa.

Zaka nyingi hupotea kwenye hesabu, kabla hata haijatoka mfukoni.

Nisabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia zaka inawajibika, ni dinari 20 za dhahabu au dirhamu 200 za fedha, yaani fedha ya madini, si pesa. Kwa vipimo vya leo wanazuoni wengi wanakadiria gramu 85 za dhahabu na gramu 595 za fedha. Kwa wafuasi wa Abu Hanifa, mmoja wa maimamu wanne wa madhehebu pamoja na Malik, Shafi na Ahmad, utakuta gramu 87.48 na gramu 612.36. Pesa zilizo mkononi, benki au kwenye simu hupimwa kwa thamani ya kimojawapo. Zama za Mtume (s.a.w.) viwango hivi viwili vilikaribiana thamani, lakini leo fedha imeshuka sana ikilinganishwa na dhahabu, kwa hiyo mwenye akiba ya kawaida anaweza kuwa ameshavuka nisabu ya fedha huku ile ya dhahabu ikiwa mbali naye kabisa. Kwa upande wetu tunapendelea kipimo cha fedha kwa pesa taslimu, kwa sababu kinamwelekea maskini. Wapo wanazuoni wanaoshika dhahabu, wakisema mwenye akiba ndogo kama ile naye hajawa tajiri, na hoja yao ina uzito. Lisilofaa ni kuhamahama: mwaka huu dhahabu, mwakani fedha, kwa kufuata ile inayokusamehe.

Dhahabu inayohesabiwa ni ile safi. Gramu 100 za karati 21 zina dhahabu safi gramu 87.5, kwa kuwa unazidisha 100 kwa 21 kisha unagawa kwa 24. Gramu 100 za karati 18 zina gramu 75 tu, hazijafika. Ujira wa sonara na thamani ya vito havimo katika hesabu hiyo.

Kisha kuna mwaka. Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, siku 354 au 355, na kiwango chake ni robo ya sehemu ya kumi, yaani asilimia 2.5. Njia nyepesi ni kugawa kwa 40. Anayefunga vitabu vyake kwa kalenda ya jua anachelewa takriban siku 11 kila mwaka, na mzee aliyetoa kwa hesabu hiyo kwa miaka 33 amewanyima maskini zaka ya mwaka mzima bila kujijua. Kwa biashara ambayo lazima ifuate kalenda ya jua, wanazuoni wa sasa wamekubali kurekebisha kiwango kiwe takriban asilimia 2.577. Kwa mtu binafsi ni rahisi zaidi kushika tarehe moja ya Kiislamu, tuseme tarehe 10 Rajabu, na kuiandika mahali isipopotea.

Tarehe hiyo moja huondoa pia utata wa mshahara. Anayeweka akiba kidogo kidogo kila mwezi hujiuliza kama kila kiasi kina mwaka wake. Kisheria, pesa mpya isiyotokana na faida ya biashara ina mwaka wake kwa mujibu wa Imamu Shafi, ilhali Abu Hanifa anaiunganisha na iliyotangulia. Kufuatilia miaka kumi na miwili ndani ya mfuko mmoja kunawachosha watu hadi wanaacha kabisa. Akitoa kwa vyote siku moja, zile pesa ambazo hazijatimiza mwaka zinakuwa zimetolewa zaka mapema, na kutanguliza kunaruhusiwa nisabu ikishapatikana. Imepokewa kwamba Abbas, ami yake Mtume, aliomba kutanguliza akaruhusiwa. Kuchelewesha ndiko kusikoruhusiwa bila udhuru. Wengi wanaosema "nangoja Ramadhani nipate thawabu zaidi" mwaka wao umekamilika mwezi wa Safar, na kwa miezi sita wanakaa na mali ya watu. Anayetaka kutoa Ramadhani atangulize Ramadhani iliyo kabla ya tarehe yake.

Tuchukue hesabu ya duka moja la vitambaa ili tuone mahali watu wanapoteleza. Siku ya zaka imefika. Bidhaa zilizomo, kwa bei ambayo zingeuzwa sokoni siku hiyo, ni 18,000,000, ingawa zilinunuliwa kwa 15,000,000. Pesa taslimu na za benki ni 4,500,000. Wateja waaminifu wanadaiwa 2,500,000. Kuna mteja mwingine aliyekana deni la 1,000,000. Rafu, mikasi, mizani na gari la kupelekea mizigo vina thamani ya 9,000,000. Mwenye duka naye anadaiwa na waliomletea mzigo 3,000,000 za kulipwa mwezi huu.

Vinavyohesabiwa ni 18,000,000, na 4,500,000, na 2,500,000: jumla 25,000,000. Rafu na gari havimo, kwa kuwa havikuwekwa kuuzwa. Deni lililokanwa haliguswi mpaka lilipwe. Kwa wanaotoa madeni katika mali, na huo ndio mwelekeo wa Abu Hanifa, inabaki 22,000,000, na zaka yake ni 550,000. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi deni halizuii zaka, kwa hiyo ni 25,000,000 kugawa kwa 40, sawa na 625,000. Tofauti ni 75,000. Anayeshika kauli moja aishike kwa miaka yote, na anayepunguza deni apunguze lililofika wakati wake. Mtu ana mkopo wa nyumba wa miaka ishirini, anauondoa wote katika hesabu kila mwaka, na matokeo yake ni kwamba tajiri mwenye maghala hatoi chochote. Wanazuoni wengi wa sasa wanaoruhusu kupunguza wanaishia kwenye malipo yanayokaribia kulipwa tu.

Kosa la kwanza dukani ni kuhesabu bidhaa kwa bei ya kununulia. Katika mfano huu lingeondoa 75,000 nyingine kwenye haki ya maskini. La pili ni kuangalia faida pekee: "mwaka huu sikupata faida, sina zaka." Zaka ya biashara iko kwenye mtaji unaozunguka pamoja na faida yake. La tatu ni kukadiria kwa macho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zaka bila daftari vilevile. Hesabu mzigo, andika, hata ikichukua siku nzima. Kiwanda kinahesabu malighafi na bidhaa zilizokamilika, hakihesabu mashine. Kiwanja ulichonunua ili ukiuze bei ikipanda ni bidhaa, na kina zaka kila mwaka. Ulichonunua ujenge nyumba ya kuishi hakina. Nyumba ya kupangisha yenyewe haina; kodi yake ikikaa mpaka tarehe yako inaingia kwenye hesabu.

Mapambo ya mwanamke yamezua maneno mengi majumbani. Kwa Abu Hanifa yana zaka yakifika nisabu. Kwa Malik, Shafi na Ahmad, mapambo halali yanayovaliwa kwa kiasi cha kawaida hayana, ila yaliyowekwa kama akiba yanayo. Kitu ambacho watu hukisahau ni kwamba mali ni ya mke, na wajibu ni wake. Mume akitaka kumlipia, sawa, lakini kwa idhini yake, kwa kuwa zaka ni ibada na inahitaji nia ya mwenyewe au ya wakala aliyemweka. Na mali ya yatima: kwa jamhuri ya wanazuoni, yaani walio wengi, mlezi anaitolea zaka, ilhali Abu Hanifa haoni zaka katika pesa za mtoto. Mlezi aulize, asinyamaze tu.

Mazao na mifugo vina hesabu zao, na kwa anayelima au kufuga hizi si za kubahatisha. Nisabu ya nafaka ni wasaki 5, sawa na pishi 300, zinazokadiriwa kuwa kilo 653 za nafaka iliyokauka na kupepetwa. Iliyokua kwa mvua hutolewa asilimia 10. Iliyomwagiliwa kwa gharama asilimia 5. Iliyotumia vyote nusu kwa nusu, asilimia 7.5. Hapa hakingojwi mwaka. Sura ya Al-An'am, aya ya 141, inaamuru haki itolewe siku ya kuvuna, kwa hiyo anayevuna mara mbili anatazama mavuno yote mawili. Mbuzi na kondoo wanaanzia 40, anatoka mmoja; wakifika 121, wawili; 201, watatu; 400, wanne, kisha mmoja kwa kila mia. Ng'ombe 30 anatoka ndama wa mwaka mmoja, 40 anatoka wa miaka miwili. Ngamia 5 anatoka kondoo mmoja. Hii ni kwa wanyama wanaojichungia malishoni sehemu kubwa ya mwaka; wanaofugwa kwa chakula cha kununua, kwa wanazuoni wengi, hawamo, isipokuwa wakiwa wa biashara, hapo wanahesabiwa kama bidhaa. Mkusanyaji asichague dume bora la zizi. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen alimwambia ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafukara wao, akamtahadharisha na mali bora za watu, na akamwambia aogope dua ya aliyedhulumiwa. Mtoaji naye asisukume mbele mgonjwa na kilema.

Hilo la mwisho linahusu hata wasio na mifugo. Kila mwaka tunaletewa nguo zilizochakaa na bidhaa zilizokataa kuuzika, na mwenyewe ameshazitilia bei ya rafu na kuandika "zaka". Al-Baqara, aya ya 267, inakataza kukusudia kibaya mkitoe, nanyi wenyewe msingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Nguo hizo zipelekwe kama sadaka kama bado zinavalika. Zaka ya duka kwa madhehebu ya Shafi hutolewa pesa kwa thamani yake, na wanaoruhusu itolewe bidhaa hawajaruhusu iwe njia ya kusafisha ghala.

Kuna udanganyifu mwingine ambao huwa haukukusudiwa. Mwajiri anawapa wafanyakazi nyongeza ya sikukuu na kuiita zaka: ikiwa nyongeza hiyo wanaitarajia kama sehemu ya ujira, au inampa yeye utii wao, basi ameinunua kazi kwa mali ya maskini. Mwingine anamsamehe mdaiwa wake aliyeshindwa kulipa na kusema hiyo ndiyo zaka yangu. Jamhuri ya wanazuoni hawaikubali, kwa sababu hakuna mali iliyotoka, na deni lile pengine alishalikatia tamaa. Kama kweli mdaiwa ni maskini, mpe zaka mkononi bila sharti. Akiamua mwenyewe kukulipa kwayo, hapana ubaya. Ukimwekea sharti ailete kwako, haikusihi. Aliyetoa misaada mwaka mzima bila nia ya zaka hawezi kukaa mwisho wa mwaka akaikata. Nia hutangulia, au inakuwepo wakati wa kuitenga pesa au kuikabidhi.

Tukija kwa wanaopewa, mlango wenyewe umefungwa na aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba: mafukara, maskini, wanaoitumikia, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa walio utumwani, wenye madeni, katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyeishiwa. Hakuna wa tisa. Wanazuoni wa Kishafi wamewapambanua wawili wa mwanzo kwa mfano wa hesabu: anayehitaji 10 kwa siku akapata 2 au 3 ni fukara, anayepata 7 au 8 ni maskini. Kumbe mwenye kazi na mshahara anaweza kuwa maskini, na mwenye nyumba ya kuishi haondolewi kwa sababu ya nyumba yake. Wagawaji wapya hulikosea sana hili. Wanamwona mtu amevaa vizuri na ana simu, wanampita, wanampa aliye na vazi bovu. Mtume alisema maskini si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mawili, bali ni yule asiye na cha kumtosha, wala hatambulikani akapewa, wala hasimami akaomba.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kuwatafuta. Nyumba inasema mambo ambayo fomu haiyasemi: jikoni kuna jungu la mara ngapi kwa siku, dawa ya mgonjwa imebaki vidonge vingapi, mtoto wa shule yuko nyumbani mchana kwa sababu gani. Tunauliza kinachoingia kwa mwezi na kinachotoka: kodi, chakula, matibabu, masomo, madeni. Pengo lililopo kati ya viwili hivyo ndilo haki yake, na hilo ndilo tunaloliandika. Hatumwulizi jirani "huyu anastahiki zaka?" kwani tumeshamtangaza. Tunawauliza watu wake wawili watatu wenye busara kuhusu hali ya mambo tu. Lina asili katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq iliyomo katika Sahihi Muslim: kuomba kunahalalika kwa watatu, aliyebeba dhamana ya deni, aliyepatwa na janga lililoteketeza mali yake, na aliyefikwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake washuhudie. Mtu mzima mwenye nguvu na kazi inayomtosha hana fungu. Wanaume wawili wa namna hiyo walipomwomba Mtume aliwaambia hivyo. Mwenye nguvu asiyepata kazi ni suala jingine.

Jamaa wa karibu wanatangulizwa, ila si wote. Wazazi, babu na bibi, watoto na wajukuu, na mke hawapewi fungu la mafukara na maskini kutoka kwako, kwa kuwa kuwalisha tayari ni wajibu wako. Ndugu, shangazi, mjomba na binamu wanafaa, na Mtume amesema sadaka kwa jamaa ni mambo mawili, sadaka na kuunga udugu. Mke tajiri kumpa mume fukara wengi wameruhusu. Na si sharti umwambie mpokeaji kwamba hii ni zaka. Ndugu mwenye haya mpe kimya kimya, nia yako inatosha.

Sasa kiasi. Tuseme kamati ina 12,000,000. Inaweza kuwapanga watu 240 na kumpa kila mmoja 50,000, ikapata picha nzuri na sifa. Ndani ya wiki ile pesa imeliwa, na mwakani ni watu wale wale, wakiongezeka. Inaweza pia kuchukua familia 8 na kuzipa 1,500,000 kila moja. Imepokewa kwa Umar bin Khattab kwamba mkitoa, basi tosheleza. Katika madhehebu ya Shafi fukara hupewa cha kumtoa kwenye ufukara wake: fundi hupewa vyombo vya ufundi wake, mfanyabiashara mtaji wa biashara anayoijua, na asiyeweza kazi yoyote anaweza kununuliwa mali ambayo mapato yake yatamlisha. Malik na Ahmad wanaona kipimo ni kumtosha mwaka mzima. Vyovyote utakavyochukua, makombo kwa kila mtu si kauli ya yeyote kati yao. Sisemi wenye njaa leo waachwe. Fungu la chakula na dawa litengwe kwanza, na linalobaki lipewe wachache wakatosheka, kisha mwakani wengine.

Kutosheleza nako kuna mitego yake. Mjane fundi cherehani anapewa cherehani mpya, na miezi mitatu baadaye ameiuza. Watu husema hana shukrani. Ukikaa naye unakuta alipewa mashine, hakupewa kitambaa, uzi, wala chakula cha miezi ile ambayo wateja bado hawajamjua. Watoto walilala njaa akauza alichokuwa nacho. Hesabu iliyo sawa ina sehemu tatu: chombo, mtaji wa kuanzia, na matumizi ya nyumbani mpaka kazi ishike, kwa ushonaji tunaweka miezi mitatu mpaka minne. Na chombo achague mwenyewe, maana anajua mashine ipi ina vipuri karibu na fundi wa kuitengeneza. Kikiwa kimenunuliwa, kiwe chake kabisa. Wapo wanaompa kwa masharti ya kukirudisha akishindwa, au wanabaki na hati. Huo ni mkopo au azima. Zaka hukamilika kwa kummilikisha mpokeaji, na kwa sababu hiyo hiyo jamhuri ya wanazuoni hawakuruhusu ijenge misikiti wala kununua sanda. Hayo yana sadaka na wakfu.

Mwenye deni tunamfanyia tofauti. Deni lithibitishwe kwa mdai, liwe la jambo la halali, liwe limefika wakati wake, naye hana cha kulilipa. Kisha, kwa idhini yake, pesa inakwenda moja kwa moja kwa mdai na risiti inarudi kwake. Ukimpa mkononi aliye na njaa na deni kwa pamoja, njaa itashinda, deni litabaki, na mwakani atakuja na deni lile lile limekua. Kama ana mahitaji yote mawili, apewe kwa majina yote mawili, kila moja na kiasi chake.

Ugawaji wa foleni uachwe. Mnamo Aprili 2023, katika siku za mwisho za Ramadhani, watu zaidi ya 70 walikufa kwa kukanyagana mjini Sanaa, Yemen, kwenye ugawaji wa pesa za msaada. Mnamo Septemba 2008 wanawake 21 walikufa Pasuruan, Indonesia, wakigombania zaka nyumbani kwa tajiri mmoja. Waliokufa walikuwa wamefuata haki yao. Hata pasipokuwa na msongamano, kumpanga mama juani, apokee bahasha mbele ya kamera, ni maudhi, na Al-Baqara, aya ya 264, inasema masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Peleka nyumbani jioni, au tuma kwenye simu yake. Kumbukumbu unayohitaji kwa ukaguzi ni jina, kiasi, tarehe na saini, na daftari hilo lisionwe na watu wasiohusika.

Wanaoitumikia zaka wana fungu lao, na kamati nyingi huweka kikomo cha moja ya nane, yaani asilimia 12.5, kwa kufuata kauli ya Shafi. Kinachozidi kitafutwe kwingine. Zawadi ndio hatari zaidi. Mtume alimtuma mtu wa kukusanya zaka, aliporudi akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume akahutubia watu akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama atazawadiwa. Mkusanyaji akipewa chochote njiani, kiingie kwenye mfuko na kiandikwe.

Zakatul fitri ina mambo yake. Ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu wa nyumbani, mkubwa kwa mtoto, kutoka chakula kikuu cha watu wa mahali. Kwa uzito ni kati ya kilo 2 na nusu na 3 kutegemea nafaka. Anayewajibika ni yeyote aliye na ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi, hata kama hana nisabu. Ibn Abbas amepokea kuwa ni twahara kwa mfungaji na chakula kwa maskini, na anayeitoa baada ya sala ya Idi imekuwa sadaka kama sadaka nyingine. Kamati hukosea kwa kupokea pesa mpaka usiku wa Idi bila nafaka ya kununua. Kama kamati ni wakala wa mtoaji, fitri haijatoka mpaka imfikie maskini, na gunia lililolala stoo mpaka adhuhuri ya Idi limewaharibia waliotoa. Fungeni mapokezi siku mbili kabla, nafaka iwe imeshapimwa na orodha iko tayari. Atakayechelewa aelekezwe nyumba ya kupeleka mwenyewe. Katika madhehebu ya Shafi hutolewa nafaka, si thamani yake. Abu Hanifa ameruhusu pesa, kwa hiyo kamati inayopokea pesa iwaambie watu wazi kama inakwenda kununua nafaka au inagawa pesa.

Kwa ambaye miaka imempita bila kutoa, zaka haifutiki kwa toba peke yake. Arudi nyuma mwaka hadi mwaka: taarifa za benki, stakabadhi za mizigo, bei ya dhahabu ya kila mwaka. Asipopata kumbukumbu, akadirie kwa kuzidisha mpaka moyo wake utulie, aandike jumla, na alipe kwa mafungu kama hawezi kwa mara moja, bila kuiacha ya mwaka huu ikachelewa nayo. Na aandike katika wasia kiasi kilichobaki. Akifa kabla hajamaliza, kwa wanazuoni wengi deni hilo linatoka katika mali yake baada ya gharama za maziko na kabla ya wasia na mirathi. Warithi wakikaa kugawana, kabla hawajauliza nani ana thumuni na nani ana sudusi, walifungue daftari la marehemu na watazame ni lini mara ya mwisho alitoa zaka, na kwa mali ipi.